Samani za Usasa za Mbao za Mbetula: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu yafuatayo yanahusu hasa samani zilizobuniwa Ufini kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1930, ambazo nyingi bado zinatengenezwa hadi leo. Nchi nyingine zimetajwa pale tu historia inapozihusisha.

Mbetula ni mti wa namna gani?

Ni mti wa nchi za baridi za kaskazini, wenye gome jeupe linalobanduka kama karatasi na majani madogo yanayopukutika kila mwaka kabla ya majira ya baridi. Jina tunalotumia hapa limetokana na Betula, jina la kisayansi la jenasi yake, kwa sababu mti wenyewe hauoti kwetu na wazee hawakuwa na haja ya kuupa jina. Aina mbili ndizo zinazowahusu maseremala wa Ulaya ya kaskazini: Betula pendula, ambao tangu mwaka 1988 ndio mti wa taifa wa Ufini, na Betula pubescens, unaovumilia zaidi ardhi yenye majimaji. Mbao yake ni nyeupe iliyofifia, ina nyuzi laini zilizonyooka, na ikikauka vizuri huwa na uzito wa takriban kilo 600 hadi 650 kwa kila mita ya ujazo, yaani uzito unaokaribiana na wa mninga. Ufanano na mninga unaishia hapo, kwa kuwa mbetula hauna ile rangi ya kahawia wala ule ukinzani dhidi ya wadudu na unyevu.

Kwa nini wabunifu waliuchagua mti huo, wakati kulikuwa na mbao zenye hadhi kubwa zaidi?

Wengi hudhani kwamba waliuchagua kwa ajili ya weupe wake. Weupe huo ulisaidia, lakini sababu ya kwanza ni kwamba mti ulikuwepo. Takriban robo tatu ya ardhi ya Ufini ni msitu, na ingawa misonobari na misprusi ndiyo iliyo mingi, mbetula huota upesi mahali palipofyekwa au kuungua, hata ukawa mti wa kila siku: magogo yake yalikuwa kuni, gome lake lilisukwa kuwa vikapu na viatu, na matawi yake mabichi hadi leo hufungwa pamoja ili watu wajichapie mwilini wakiwa ndani ya sauna. Mti unaotumika kwa kuni na vikapu haufikiriwi upesi kuwa wa sebuleni. Matajiri wa Ulaya walioagiza samani walitaka mahogani au jozi, na nchi isiyo na makoloni wala fedha nyingi haikuwa na njia nyepesi ya kushindana nao kwa mbao za kuagiza kutoka mbali.

Sababu ya pili ni ya kiwanda. Mwaka 1912 Wilhelm Schauman alianzisha mjini Jyväskylä kiwanda cha kwanza cha plaiwudi nchini Ufini, na malighafi yake ilikuwa mbetula. Mji huohuo ndio alikokulia Alvar Aalto, aliyezaliwa mwaka 1898, na ndiko alikofungua ofisi yake ya kwanza ya usanifu majengo mwaka 1923. Kwa hiyo mbunifu ambaye baadaye dunia ingemhusisha na mbao iliyopindwa alikulia katika mji ambamo mbetula ulikuwa tayari ukimenywa kwa mashine na kubandikwa kwa gundi.

Sababu ya tatu imo ndani ya mbao yenyewe. Mbao zenye vitundu vikubwa katika nyuzi zake humeguka zikikatwa vipande vyembamba sana, lakini mbetula, kwa kuwa vitundu vyake ni vidogo na vimesambaa sawasawa, hukubali kukatwa unene wa milimita moja au pungufu, kulowa, kupindwa na kushika gundi vizuri.

Neno «usasa» lina maana gani katika samani?

Halimaanishi kitu kipya tu. Linahusu harakati ya wabunifu wa Ulaya, hasa katika miaka ya 1920, walioondoa nakshi, wakatafuta maumbo yanayotokana na kazi ya kitu, na wakakusudia kitu hicho kitengenezwe kiwandani kwa wingi. Alama ya harakati hiyo katika samani ilikuwa bomba la chuma. Marcel Breuer alitengeneza kiti cha mabomba mwaka 1925 akiwa katika shule ya Bauhaus huko Ujerumani, na baada yake wakaja Mart Stam na Ludwig Mies van der Rohe na viti visivyo na miguu ya nyuma, ambavyo mkaaji wake huning'inia juu ya bomba lililopindwa.

Aalto hakuwa adui wa viti hivyo. Alivinunua kwa ajili ya nyumba yake mwenyewe, na baadhi ya viti vyake vya mwanzo vilikuwa na kalio la plaiwudi juu ya fremu ya bomba la chuma. Baadaye alieleza kwamba chuma kina kasoro kwa mtu anayekikalia: hupitisha joto na baridi upesi, humetameta machoni, na hakifai kwa sauti ndani ya chumba. Katika nchi ambayo majira yake ya baridi huchukua miezi mingi, hoja ya ubaridi wa chuma haihitaji falsafa.

Plaiwudi na mbao ya tabaka zinazofuatana zina tofauti gani?

Tofauti iko katika mwelekeo wa nyuzi. Ili kupata plaiwudi, gogo hulowekwa, hufungwa kwenye mashine inayolizungusha, na kisu kirefu hulimenya kama mtu anavyomenya chungwa bila kukata ganda. Ganda hilo la mbao, ambalo mafundi wengi huliita vinia, hukatwa, hukaushwa na kubandikwa kwa gundi, kila tabaka likilazwa kukingama na lililo chini yake. Idadi ya tabaka kwa kawaida huwa witiri, yaani tatu, tano, saba na kuendelea, ili nyuso mbili za nje zielekee upande mmoja na ubao usijikunje. Ubao wa namna hiyo una nguvu pande zote, na ndiyo maana unafaa kwa kalio na mgongo wa kiti.

Katika mbao ya tabaka zinazofuatana, vipande vyote hulazwa vikielekea upande mmoja. Nguvu yake iko kwenye urefu tu, lakini kwa urefu huo ni imara sana na ina mnepo, hivyo hutumika kwa mikono ya kiti, fremu na sehemu zinazobeba uzito. Kiti kimoja kinaweza kuwa na aina zote mbili.

Je, Alvar Aalto alibuni samani hizi peke yake?

Hapana, na hili ni kosa linalorudiwa mno. Mke wake, Aino Aalto, aliyezaliwa mwaka 1894 na kuolewa naye mwaka 1924, alikuwa msanifu majengo aliyehitimu kabla yake. Alibuni samani na vyombo vya kioo kwa jina lake mwenyewe, na kazi nyingi za ofisi yao haziwezi kugawanywa kwa usahihi kati ya mume na mke.

Mtu wa tatu ni Otto Korhonen, aliyeongoza kiwanda cha samani karibu na Turku, mji ambao Aalto alihamia mwaka 1927. Kuanzia mwishoni mwa miaka hiyo ya 1920 wawili hao walijaribu kupinda mbetula kwa kila namna, na baadhi ya majaribio yao yalitundikwa ukutani kama picha: mafungu ya vijiti vilivyobandikwa na kupindwa bila kuwa sehemu ya kiti chochote. Mbunifu alikuwa na wazo, lakini Korhonen ndiye aliyejua mbao itavunjika wapi. Kwa maoni yangu, jina lake lingestahili kuandikwa kwa herufi zilezile kubwa.

Kiti cha Paimio kina umuhimu gani?

Mwaka 1929 Aalto alishinda shindano la kusanifu hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu huko Paimio, kusini-magharibi mwa Ufini, na jengo likakamilika mwaka 1933. Wakati huo dawa ya kuua vimelea vya kifua kikuu haikuwepo. Tiba ilikuwa mapumziko, hewa safi, jua na chakula, na mgonjwa aliweza kulazwa kwa miezi mingi. Jengo na samani zake vilichukuliwa kuwa sehemu ya matibabu.

Kiti kilichobuniwa kwa ajili ya jengo hilo, ambacho katika orodha ya bidhaa kina namba 41, kina kalio na mgongo wa ubao mmoja wa plaiwudi uliopindwa, ukajikunja juu na chini kama karatasi inayoanza kuviringishwa. Ubao huo unashikiliwa kati ya fremu mbili za mbetula, kila moja ikiwa kitanzi kilichofungwa ambacho kwa mkupuo mmoja ni mkono, mguu na msingi. Inaelezwa kwamba mlalo wa mgongo wake ulikusudiwa kumsaidia mgonjwa apumue kwa urahisi. Hakina mto wala kitambaa, kwa hiyo hakuna mahali pa kukusanya vumbi, na kinapanguswa kwa kitambaa kibichi. Mtu anayekikalia kwa mara ya kwanza hutarajia kuumia, kisha hushangaa kuona ubao unanepa chini yake.

Kiti ndugu yake, namba 42, kilikwenda mbali zaidi kwa kufanya kwa mbao kile ambacho Breuer na wenzake walikifanya kwa chuma: fremu yake ya mbetula hubeba mkaaji bila miguu ya nyuma.

Mguu wa L ni nini, na kwa nini huzungumziwa sana?

Kila seremala anajua kwamba kiti hufia kwenye kiungo. Mguu unasimama, kalio linalala, na pale vinapokutana ndipo uzito wote wa mtu, pamoja na tabia yake ya kuyumba na kujinyonga kitini, hupitia. Kwa karne nyingi jibu limekuwa ulimi na tundu, gundi, na mbao ya kukingama chini ya kalio ili kuzuia mguu usitanuke. Aalto aliliona tatizo hilo kama tatizo la jengo. Aliufananisha mguu wa samani na dada mdogo wa nguzo, na akajiuliza ni vipi kitu kilichosimama kinaweza kugeuka kuwa kitu kilicholala bila kukatwa na kuunganishwa upya.

Jibu lilipatikana mwaka 1932 na 1933, na likasajiliwa kwa hataza, yaani haki ya pekee ya mvumbuzi. Huchukuliwa kipande kizima cha mbetula, kisha ncha yake moja hupasuliwa kwa msumeno kufuata nyuzi, mipasuo kadhaa iliyo sambamba, kama meno ya kitana. Ndani ya kila mpasuo huingizwa vinia nyembamba iliyopakwa gundi. Sehemu hiyo hupindwa kwa pembe mraba na kubanwa ndani ya kalibu mpaka gundi ikauke. Mbao nene haipindiki hivyo, kwa sababu upande wa nje wa pindo hulazimika kurefuka na wa ndani kufupika, nao ukiwa mnene hupasuka. Mipasuo huigeuza ncha hiyo kuwa tabaka nyembamba zinazoteleza kila moja juu ya nyingine wakati wa kupindwa. Gundi inapokauka, tabaka hizo hazitelezi tena, na goti linabaki na umbo lake.

Uzuri wa njia hii ni kwamba sehemu iliyobaki ya mguu ni mbao nzima ya kawaida. Gundi na kazi ya ziada viko kwenye goti tu, mahali panapovihitaji. Sehemu iliyolala hufungwa kwa skrubu moja kwa moja chini ya kalio, bila ulimi, bila tundu na bila mbao ya kukingama. Halafu mguu huohuo hutumika kwa stuli, kiti, meza na benchi, kwa kubadilisha urefu na unene tu. Kiwanda kinatengeneza mguu mmoja kwa wingi, na familia nzima ya samani inazaliwa kutokana nao. Baadaye, katika miaka ya 1940, miguu miwili iliunganishwa ikawa na umbo la Y, na mwaka 1954 ukaja mguu uliotanuka juu kama feni.

Kwa nini Stuli namba 60 ina miguu mitatu?

Stuli hii ya Aalto ni kalio la mviringo juu ya miguu ya L. Kitu chenye miguu mitatu hakiyumbi hata sakafu ikiwa na mabonde, jambo ambalo mpishi yeyote wa mafiga matatu analifahamu. Miguu mitatu pia hugharimu pungufu kuliko minne, na hurahisisha kupandanisha stuli moja juu ya nyingine, hata mnara wake ukajizungusha kama ngazi ya mviringo. Kasoro yake ni kwamba ukiegemea ukingoni, mahali pasipo na mguu, stuli hupinduka. Kwa anayeogopa hilo, ipo ya miguu minne, namba E60. Stuli 60 ina urefu wa sentimita 44 na ilianza kutengenezwa mwaka 1933. Maktaba ya Viipuri iliyosanifiwa na Aalto na kufunguliwa mwaka 1935 iliwekewa stuli hizi katika ukumbi wa mihadhara, chini ya dari yake maarufu ya mbao yenye umbo la mawimbi. Mji huo sasa uko Urusi na unaitwa Vyborg, kwa kuwa Ufini iliupoteza kwa Muungano wa Kisovieti katika vita. Ukarabati mkubwa wa maktaba hiyo ulikamilika mwaka 2013.

Artek ni nini?

Ni kampuni iliyoanzishwa Helsinki mwaka 1935 na watu wanne: Alvar na Aino Aalto, Maire Gullichsen, aliyetoka katika familia tajiri ya viwanda, na Nils-Gustav Hahl, aliyekuwa mjuzi wa sanaa. Jina lake limeunganisha sanaa na teknolojia. Miaka miwili kabla yake, samani za Aalto zilikuwa zimeonyeshwa London na kupata wanunuzi wengi kuliko ilivyotarajiwa, na ikadhihirika kwamba ofisi ya msanifu majengo haiwezi kuhudumia maagizo ya nje ya nchi. Aino ndiye aliyeongoza upande wa ubunifu, na tangu mwaka 1941 hadi kifo chake mwaka 1949 aliiongoza kampuni yenyewe. Tangu mwaka 2013 Artek inamilikiwa na kampuni ya Vitra, na mwaka uliofuata ilikinunua kiwanda cha Korhonen ambacho kilikuwa kimeitengenezea samani tangu mwanzo.

Je, Ufini ilikuwa peke yake?

Haikuwa. Kiwanda cha Luther mjini Tallinn, Estonia, kilitengeneza makalio ya viti kwa plaiwudi ya mbetula tangu karne ya 19. Mwaka 1934 Gerald Summers wa London alitoa kiti cha mikono kilichotokana na ubao mmoja wa plaiwudi, ukakatwa na kupindwa bila skrubu wala kiungo. Breuer mwenyewe, baada ya kuhamia Uingereza, aliacha bomba na mwaka 1936 akabuni kiti kirefu cha plaiwudi kwa kampuni ya Isokon. Ufini kwenyewe, Ilmari Tapiovaara alibuni mwaka 1946 kiti cha Domus kwa ajili ya bweni la wanafunzi Helsinki, kikiwa na mikono mifupi ili msomaji aweze kukisogeza karibu kabisa na meza. Hicho ni mojawapo ya viti vichache ambavyo unaweza kuona kwamba mbunifu aliwahi kujisomea usiku.

Nitatofautishaje stuli halisi na nakala yake?

Tazama mguu kwa ubavu. Katika stuli halisi, mistari myembamba ya vinia huonekana kwenye goti na kutoweka inaposhuka, kwa sababu chini ni mbao nzima. Katika nakala nyingi za bei nafuu, tabaka huonekana kuanzia juu hadi unyayoni, maana mguu wote umepindwa kama plaiwudi. Nakala si lazima iwe mbovu, lakini haikutatua tatizo lilelile.

Mbona kiti changu kimegeuka manjano?

Mbetula hubadilika rangi kwa mwanga, kutoka nyeupe hadi rangi ya asali, na hakuna vanishi inayozuia jambo hilo kabisa. Usiache kitu juu ya meza mpya mahali pamoja kwa miezi mingi, kwani kitaacha kivuli chake. Futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kausha.

Je, samani hizi zinafaa pwani ya Afrika Mashariki?

Ndani ya nyumba, ndiyo, kwa uangalifu. Barazani, hapana. Mbetula ukilowa mara kwa mara huoza upesi, na mchwa hawaachi mbao isiyo na uchungu. Husimuliwa kwamba Summers alikusudia kiti chake kitumike katika nchi za joto, kwa hoja kwamba kisichokuwa na viungo hakitalegea kwa unyevu, lakini hoja hiyo haiwahusu mchwa.

Swali lenye manufaa zaidi ni kama fundi wa Keko au wa Gikomba anaweza kutumia njia ya mguu wa L kwa mbao zinazopatikana. Hakuna kinachomzuia kujaribu, kwa kuwa anachohitaji ni msumeno wenye blade nyembamba, vinia, gundi isiyoogopa unyevu, na kalibu nzito ya kubania. Achague mbao iliyonyooka isiyo na vifundo kwenye sehemu ya goti, na aanze na vipande vya majaribio, kwa sababu mbao ngumu yenye nyuzi zilizosokotana, kama mvule, haitapindika kwa utiifu wa mbetula. Wale wawili wa Turku nao walivunja vipande kwa miaka kadhaa.

Je, vifundo na madoa kwenye mbao ni kasoro?

Kwa muda mrefu kiwanda kilivihesabu hivyo, na mbao zenye vifundo, njia za wadudu au moyo wa rangi ya kahawia ziliwekwa kando hata kama nguvu zake hazikupungua. Mwaka 2023 Artek, ikishirikiana na wabunifu wa Formafantasma, ilitoa Stuli 60 iitwayo Villi, neno la Kifini lenye maana ya «pori», ambayo huacha alama hizo zionekane. Mnunuzi anayeichagua atapata stuli isiyofanana na ya jirani yake, yenye mguu uleule na goti lilelile.